Kaka yangu "alisafishwa damu" kwa chuku Bagamoyo, na hasira haijaniisha

Wakuu, salaam kwenu nyote. Walionizidi umri, shikamooni.

Hii si chai. Nimeuona uzi wa yule kijana anayeuliza kama mashine ya kuchuja damu, kwa wenye kolesteroli ya kurithi, ni salama. Mkamjibu aachane nayo akapigwe chuku, atolewe damu kwa pembe, eti "ni kitu kile kile".

Kitu kile kile! Haya, ngojeni.

Miaka ya sabini nilikuwa mchuuzi wa nazi Bagamoyo. Kaka yangu Shomari alikuwa mkwezi. Mimi napatana bei chini, yeye anaangua juu.

Shomari alikuwa na vinundu vigumu nyuma ya visigino na kwenye viwiko. Tukaviita sugu za ukwezi. Baba naye alikuwa mkwezi, alikuwa navyo, akafa ghafla kabla hajaota mvi. Babu vivyo hivyo. Kwetu vinundu vile vilikuwa sifa kabisa.

Tatizo ni dada yetu mdogo, Mwanaidi. Naye alikuwa navyo, na Mwanaidi hata kitandani alipanda kwa kigoda.

Nikamuuliza mama, "Huyu sugu kazipata mnazi upi?"

"We mwanangu umezidi kuhesabu," akanijibu. "Hata mwili wa nduguyo unautafutia kasoro?"

Nikarudi kwenye nazi zangu.

Ikafika wakati Shomari anabanwa kifua akifika nusu ya mnazi. Akishuka akikaa, kinaachia. Na kwetu mkwezi akilemewa hapelekwi hospitali, anapigwa chuku kabla ya msimu wa kuangua. Akaitwa Mzee Mbonde kutoka Kaole na pembe zake za ng'ombe, na wembe anaoufutia kwenye msuli aliouvaa. Msuli wenyewe ulikuwa na siku zake.

Akachanja mgongo, akabandika pembe, akatoa damu mpaka midomo ya kaka ikapauka.

"Mnaona uzito huu? Uchafu mtupu. Kesho panda, utaruka kama kima."

"Mzee, si apumzike kwanza?" nikasema.

"Wewe uza nazi. Damu niachie mimi."

Nikamgeukia kaka, nikamsihi asipande. Akacheka: "Na wateja wako utawauzia makuti?"

Asubuhi akapanda. Nusu ya mnazi akalikumbatia shina, hapandi wala hashuki. Tukamteremsha kwa kamba. Alifia mchangani, kichwa chake mapajani kwangu.

Siku ya hitima Mzee Mbonde akaja. Akala pilau, akaulizia na ukoko. Kisha akamshika Mwanaidi kiwiko: "Huyu naye imechafuka. Mleteni Alhamisi."

Nilimtoa barazani na sahani yake mkononi. Wazee wakasema sina adabu. Sawa, sina.

Mwanaidi nikampeleka hospitali Dar. Daktari akamshika visigino, akauliza habari za baba na kaka, akatikisa kichwa. "Hizi si sugu. Ni mafuta ya damu, mnarithishana. Ini linashindwa kuyaondoa tangu mtu anazaliwa."

"Na chuku je?"

"Unamwaga damu unayoihitaji, halafu mafuta yanajaa tena."

Wakati huo mashine hatukuwa nayo. Juzi juzi mjukuu wa Mwanaidi, mwenye ugonjwa huo huo, amewekwa kwenye hiyo mashine huko nje. Nilimbana daktari wake kwa simu kama nanunua shamba. Inachuja yale mafuta, damu yake inamrudia mwilini. Presha inaweza kushuka, vidole vinaweza kufa ganzi, ndiyo maana muuguzi haondoki. Dawa haachi, na baada ya muda anarudi kuchujwa tena, maana mafuta nayo yanarudi. Haya yote aliniambia bila kunificha.

Mbonde alichukua vyote, hakurudisha kitu, na alipohitajika yuko kwake amelala.

Kijana, anayetaka kukusafisha damu muulize anatoa nini, anarudisha nini, na ukizidiwa nani atakushika. Akianza kukuchekea, ondoka.

Mwenye vinundu kwenye ukoo wake aseme hapa, na watoto awapeleke wakapimwe. Mtetezi wa chuku naye aandike, simzuii. Mjane wa Shomari yu hai, macho tu hayaoni vizuri. Utakachoandika nitamsomea.