Mtoto Aliyefikicha Macho

Mwanangu, namkumbuka mtoto mmoja, na jana ulinifanya nimkumbuke kwa hasira. Nilikuletea mihogo ya kuchemsha pale shuleni kwako Nachingwea, nikakuta mtoto wa darasa la awali amepiga magoti mlangoni. Nikauliza kafanya nini. Ukanijibu huku unacheka, "Huyo hasikilizi, mama. Akili yake iko nje." Sikusema neno mbele ya watoto wako. Leo nasema.

Nilikuwa na umri kama wako nilipopewa darasa la chekechea kule Nanganga, wilayani kwetu Ruangwa. Nilikuwa na fimbo na sauti kubwa, nikajiona mwalimu. Darasani alikuwemo Somoe, mtoto wa miaka mitano. Mwezi wa sita ulipoanza, akaacha kutazama ubao. Nikionyesha picha ya kuku, yeye anafikicha macho. Wenzake wakiimba, yeye kainamisha kichwa magotini. Asubuhi moja nikamsimamisha mbele, nikasema wote wasikie kwamba huyu hana kichwa cha shule. Watoto wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Siku ya tatu akaja bibi yake aliyekuwa akimlea, mwanamke mfupi mwenye vumbi la njano kwenye gauni. Alikataa kiti.

"Mwalimu, wewe mtu wa wapi?"

"Wa hapahapa Ruangwa, bibi."

"Kwenu hamna mikorosho?"

"Ipo."

"Sasa mwezi huu watu wanafanya nini shambani?"

Nilijua. Mwezi huo watu wanapuliza salfa, ule unga wa njano wa kukinga mikorosho na ugonjwa, na hupulizwa alfajiri majani yakiwa bado na umande. Wengine huhamia shambani na watoto wao. Mtoto anaamkia kwenye vumbi lile, macho yanamuwasha, anakuja nayo hivyo hivyo mpaka darasani. Mimi mwenyewe nilikua nikifikicha macho namna ile. Nilipovaa viatu vya ualimu nikasahau.

"Hukumuuliza," bibi akasema. "Mtoto mdogo vile, ukashindwa hata kumuuliza. Sasa ananiambia, 'Bibi, mimi sina kichwa.'"

Jioni nilikwenda kwao kuomba radhi, na Somoe akarudi. Nikaweka ndoo ya maji mlangoni, kila mtoto akawa ananawa uso kabla ya kuingia. Ubao akautazama vizuri. Lakini mwaka ule mzima hakunyoosha mkono, na wenzake waliendelea kumwita Hana Kichwa. Nilimtukana mbele ya darasa, radhi nikaenda kuiombea uani kwao, kwa sababu niliona aibu. Hilo linaniuma kuliko lile la kwanza.

Sasa wewe, kwenye kikao cha walimu hukai nusu saa bila kuchezea simu, na hapo umeshakunywa chai. Mtoto wa miaka mitano unamkalisha sakafuni asubuhi nzima, unataka atulie kama gunia la ufuta. Nani kakufundisha hivyo? Si mimi.

Mtoto asiposikiliza, muulize kwanza. Amelala wapi, amekula nini, anakuona vizuri pale alipokaa? Msogelee, mwite jina lake taratibu. Somo lako liwe fupi. Wainue waimbe, wapige makofi, waruke, halafu ndiyo uwaonyeshe herufi. Na lile neno la kusema mtoto hana akili, lisitoke kinywani mwako hata ukiwa umechoka namna gani.

Kesho, kabla ya kuita majina, mwite yule wa mlangoni. Chuchumaa mlingane, umwambie kwamba ulikosea, na darasa zima lisikie. Usiniige mimi.

Mungu akupe subira, mwanangu, ailinde kazi ya mikono yako, na mtoto yule anyooshe mkono kabla shule hazijafungwa.