Mvua Ilitukuta Ukumbini

Asije mtu hapa kuniambia nipunguze hasira. Wanasema hasira hasara. Sawa, hasara nimeshaipata, basi niacheni na hasira yangu.

Mimi nina genge Chang'ombe, hapa Dodoma mjini. Nauza mlenda mkavu, karanga, ubuyu na unga wa uwele. Uwele na mlenda vilikuwa vinatoka kwa mama yangu, kijijini, ukishapita Buigiri. Mama ni mjane, mgongo umeanza kumgomea, lakini shamba hajaliacha. Akikosa mavuno, kwake hakuna chakula na kwangu hakuna biashara.

Kwetu mvua ina msimu mmoja tu. Ikija Desemba inakuja kwa maringo, na udongo wetu wa kichanga hauna subira: ukilowa leo, keshokutwa jua limeshaunyonya, unachimba unakutana na vumbi. Kwa hiyo siku ya pili baada ya mvua kubwa ya kwanza huoni mtu nyumbani. Na mtu asiye na nguvu kama mama halimi peke yake. Anapika pombe ya uwele, na togwa kwa wale wa kanisani, anawaita majirani. Wanakuja wote na majembe, wanaanza na shamba lake, jioni wanakunywa wakiimba, kesho wanahamia kwa mwingine. Mwaka ule zamu ya kwanza ilikuwa ya mama. Pombe ilikuwa jikoni inachacha. Mbegu zilikuwepo za kupanda mara moja tu, maana msimu uliotangulia alipanda kabla mvua haijaja, panya na mchwa wakazifukua zikaisha. Safari hii alisema hapandi mpaka udongo ulowe.

Ndipo ikaja semina.

Mafunzo ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo. Jumatatu mpaka Ijumaa, mwanzoni mwa Desemba. Nani huyo alikaa ofisini kwake akachagua Desemba? Mpaka leo nauliza. Nilinong'onezwa kwamba hela ya mradi ilitakiwa itumike kabla ya mwaka kwisha. Yaani ratiba ya mvua ikapishana na ratiba ya hela, na hela ikashinda. Mama alialikwa kama mkulima, nami kama mfanyabiashara, nikafunga genge nikaenda ukumbini kule kijijini. Nilikwenda kwa moyo mweupe kabisa, maana jamani, ukame tunauona, nani asiyetaka kufundishwa?

Wakufunzi walikuwa wawili, kaka mmoja na dada mmoja. Yule kaka alisimama mbele akaanza na salamu ya Kigogo: "Mbukwenyi!" Ukumbi mzima ukamwitikia kwa vigelegele. Basi, tumekwisha. Mgogo ukimsalimia kwa lugha yake umemfunga kamba. Wazee wakatazamana wakicheka, mama akaniambia, "Huyu kalelewa." Baadaye nikaja kujua neno la Kigogo alilolijua ni hilo hilo moja.

Siku ya kwanza ikaenda vizuri. Wakatuambia atakayehudhuria siku zote atapewa mbegu bora ya mtama, inayostahimili ukame. Atakayekosa hata siku moja, asahau.

Jumanne alfajiri ikanyesha. Si manyunyu, mvua! Tulitembea kwenda ukumbini viatu mkononi, na ikaendelea mpaka mchana. Bati likawa linapiga kelele hata mkufunzi hasikiki. Mnajua alifanya nini? Akaongeza sauti ya spika. Sisi tumekaa kwenye mabenchi, tumegeuza macho yote dirishani, yeye anatuonyesha ukutani picha ya ardhi iliyopasuka kwa ukame.

Kufika mapumziko ya chai wanaume wakaanza kunong'ona: kesho ni shambani kwa mama fulani, yaani mama yangu. Mwenyekiti wa kijiji akawasikia. Akaja akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Aibu gani hii? Wageni wametoka mbali, nyinyi mnataka kuwapa mgongo? Mradi ukiondoka hapa ukaenda kijiji kingine, msije kwangu kulia." Wanaume wale, watu wazima wenye wajukuu, wakarudi kukaa.

Mama akanyoosha mkono. Akasimama taratibu, akishika benchi.

"Mwanangu," akamwambia mkufunzi, "tunashukuru kwa elimu. Tulikuwa tunaomba ruhusa kesho, tupande kidogo, halafu tutarudi."

"Shikamoo mama," yule kaka akasema, kwa adabu zote, hilo simnyimi. "Nakuelewa kabisa. Lakini vumilia kidogo tu. Kesho ndiyo tunaingia kwenye mada ya kupanda kwa wakati."

Wallahi hakucheka. Hakuona cha kuchekesha.

Nikasimama. Nikaanza, "Wewe kaka, hivi unasikia hicho kinachopiga bati?" Sikufika mbali. Mama akanivuta kanga kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Kaa chini! Usiniaibishe mbele ya mgeni."

Nikakaa. Mkubwa akishasema, utafanyaje? Ila chai waliyotuletea sikuinywa. Wenzetu wana msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Tulipona nini sisi? Ukumbi mzima wa wakulima, watu waliozaliwa wakizitazama mbingu, tumekaa kimya mvua inakwenda zake, eti tusimkwaze mtu mwenye spika. Nina hasira na wale wakufunzi, nina hasira na mwenyekiti, lakini jamani hasira kubwa zaidi ninayo na hii heshima yetu. Mtu anakukanyaga mguu, wewe unamwambia pole.

Jumatano jua likatoka. Tukafundishwa kupanda kwa wakati. Niliandika kwenye daftari wakati wa kupanda, nikachungulia nje, nikauona unapita. Alhamisi tukafundishwa biashara: vifungashio, kutafuta masoko. Upepo ulikuwa unavuma, ule wa kwetu wa kukausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Ijumaa tukapigwa picha, tukapewa mbegu, mwenyekiti akatoa hotuba ndefu kuliko mada zote.

Jumamosi ndiyo kila mtu akawahi shamba, na kila mtu akawahi la kwake. Nitawalaumuje? Unyevu umebaki kiganja chini ya ardhi, nani angeanza na shamba la mwingine? Zamu ikafa hapo hapo. Pombe ya mama ilikuwa imepita muda wake, tukaimwaga. Tukapanda wawili, mimi na yeye, mimi nachimba, yeye anadondosha mbegu, hapumziki hata nikimwambia apumzike. Tulipanda uwele wake, tukapanda na ule mtama wa wageni. Mbegu inayostahimili ukame! Hata hiyo inahitaji kuota kwanza.

Iliyoota ikaota kwa madoa. Mvua ya pili ikachelewa. Miche ikasimama pale inajikunja, na iliporudi mvua mimea ilikuwa nyuma, ikaanza kutoa maua wakati mbingu zinafunga. Mama alivuna mabua. Mnataka kujua kilichonimaliza? Kijiji cha jirani, ambacho hakikualikwa semina, walipanda Jumatano. Walivuna.

Nikamchukua mama nikamleta Chang'ombe. Mtu aliyekuwa akinitumia magunia, sasa namnunulia sembe ya dukani. Anakula polepole, akimaliza anashukuru kama mpita njia. Mchana anakaa nami gengeni. Wateja wanauliza, "Unga wa uwele upo?" Nasema hakuna. Naye anainamisha kichwa, utadhani yeye ndiye mwenye kosa.

Novemba iliyofuata simu ikaita. Ni yule kaka. Akasema wanakusanya maoni ya walionufaika, akaomba aongee na mama. Nikampa, nikasubiri. Nikasema moyoni, leo mtamsikia.

"Salama mwanangu," mama akasema, tena anatabasamu. "Watoto hawajambo? … Eeh, tumefaidika sana. Mungu awabariki."

Nilidhani nitapasuka. "Mama! Umewaambia nini? Umefaidika na nini wewe?"

"Sasa ningemwambiaje?" akasema. "Kapiga simu kunijulia hali."

Nikaichukua ile simu nikampigia, palepale gengeni, wateja wamesimama. Nikamwambia: "Huyo mama uliyeongea naye hana hata debe la uwele. Mlimfungia ukumbini mvua inanyesha, mkamfundisha kupanda kwa wakati. Futa jina lake kwenye walionufaika. Futa sasa hivi!" Akaanza, "Dada yangu, pole, tulia kwanza…" Nikamwambia nimetulia mwaka mzima, sitaki tena pole yake. Nilisema mengi, mengine hayaandikiki. Nilipokata simu, mteja wa ubuyu alikuwa ameshaondoka.

Nikamgeukia mama, nikijua atanigombeza. Alikuwa ametazama juu, upande wa kwetu, ambako mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

"Umemaliza?" akauliza. "Haya. Ninunulie mbegu, halafu kesho unipeleke nyumbani."