Saa ya Masalu kwenye Ukuta wa Mapadre

Katika miaka ya uhaba, Gaudensi alikuwa mtu wa kusubiriwa. Kibanda chake nyuma ya soko la Sumbawanga kilikuwa na benchi la wateja, na benchi lile halikukaa tupu. Madukani hakukuwa na saa mpya, kwa hiyo zile za zamani zilibidi zitembee: za ukutani za walimu wakuu, za mezani za makarani, za kengele zilizoachwa na Wazungu wa misheni. Kazi alifundishwa na bruda mmoja, akachukua na tabia ya bruda ya kutosema neno akiwa ameshika kibano.

Kisha ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa nje. Malori yakaanza kuingia kutoka mpakani Kasesya, na kufikia mwaka 1994 saa ya plastiki ya betri moja ilikuwa ikiuzwa chini, juu ya turubai, kando ya ndala. Ikiharibika, unatupa. Benchi la Gaudensi likawa la wauza mitumba wanaopumzisha miguu.

Ilimbakia saa moja. Ilikuwa ya ukutani, yenye kasha la mbao, katika chumba cha kulia cha nyumba ya mapadre. Kwa miaka ishirini na miwili, kila Jumamosi asubuhi, alikwenda kuitia ufunguo, kusikiliza timazi likipiga huku na huku, na kupachika kipande cha karatasi nyuma ya kasha pale lilipoegama. Kwa sababu ya saa hiyo bado aliweza kujiita fundi.

Mwezi wa tano aliifungua kuisafisha, kama kila mwaka. Alipokuwa akitoa springi kwenye kikopo chake cha shaba, springi hiyo iliyojikunja humo miaka mingi ilimponyoka, ikajinyoosha kwa kishindo na kukatika vipande viwili. Ilimchana kiganja pia. Hilo hakumwambia mtu.

"Fundi, mimi sikuharakishi," alisema paroko, Padre Alois. "Ila tarehe ishirini na tisa mwezi ujao ni sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Wageni watakula humu. Kama haijatembea, nitatundika ile niliyopewa zawadi. Iko kabatini na betri yake."

"Itatembea, Baba."

Springi ya namna ile haikupatikana Sumbawanga, wala Mbeya alikoagiza. Lakini alijua ilipo saa nyingine ya aina hiyo hiyo: Kaoze, kwa Masalu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, ambaye aliinunua kwa bwana shamba mstaafu. Gaudensi akanunua saa ya plastiki pale pale kwenye turubai, akaifunga kwenye kitenge cha mkewe, Bertilla, akapanda lori linaloteremka bondeni.

Masalu aliigeuzageuza zawadi ile. "Na hii inakula nini?"

"Betri moja. Miezi sita."

"Nyepesi kama ganda la karanga. Mfipa mzima unashuka mlima kuja kunidanganya na plastiki?"

"Mkeo hatakuita tena uje kuzungusha ufunguo."

"Hapo umenipata." Masalu akacheka. "Ongeza na hilo koti. Nikikatalia, si utanitumia radi ya Kifipa?"

"Radi nazo siku hizi zinataka nauli."

Koti likabaki Kaoze. Kabla ya kuondoka, Gaudensi aliuliza saa ilikuwa ikitiwa mafuta gani.

"Samli," Masalu alijibu kwa fahari. "Ya ng'ombe wangu mwenyewe, kila mwezi. Haijasimama hata siku moja."

Wala hakusema uongo. Katika joto la bonde samli hukaa maji mwaka mzima.

Nyumbani, Gaudensi alikusudia kutoa springi tu na kuihamishia kwenye saa ya mapadre. Aliposhika kifuniko cha kikopo, kiganja kikamkumbusha. Akaamua kuitundika saa ya Masalu nzima nzima. Aliosha magurudumu yote kwa mafuta ya taa mpaka yakang'aa. Kikopo alikifuta kwa nje, akakirudisha kilivyo. Bruda asingekubali, lakini bruda alikuwa na springi nyingine kwenye droo.

Mwezi wa sita Ufipa una upepo unaokata, na koti hakuwa nalo. Alifanyia kazi jikoni, mbele ya mafiga, na hapo hapo akaitundika kuijaribu. Ilitembea siku tatu bila kupoteza dakika.

"Inanuka kama zizini," alisema Bertilla.

"Imeoshwa."

"Nimesema inanuka. Sijasema haijaoshwa."

Jioni ya kuamkia sikukuu aliifunga ukutani kwa mapadre, akasikiliza, akaridhika. Padre Alois alimshika mkono kwa mikono miwili.

Asubuhi alikuta imesimama. Alilisukuma timazi, likaenda mara tisa, kila mara fupi kuliko iliyotangulia, likatulia. Aliweka kiganja ukutani. Tofali lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na ndipo alipoelewa kilichokuwa ndani ya kikopo.

"Baba, nipe saa moja tu. Nikiipasha moto…"

"Misa ya pili inaisha saa nne, Gaudensi. Na kesho utaipasha tena?"

Padre alifungua kabati. "Sikukuharakisha," alisema taratibu. "Haya, nishikie kiti." Kisha, kwa kuwa mkono wa padre haukufika msumarini, Gaudensi ndiye aliyepanda. Aliitungua ya Masalu, akaitundika ile ya plastiki, akarudi nyuma hatua mbili, akaona imeegama kidogo, akapanda tena kuinyoosha. Saa ya betri haijali kuegama.

"Ubaki ule nasi," alisema Padre Alois.

"Asante, Baba. Nina ulezi shambani."

Nyumbani alikifungua kikopo. Springi ilitoka bila ubishi, imeshikwa na samli nyeupe iliyoganda kama mshumaa. Ilikuwa nzima, haina kutu hata doa. Angekifungua siku ile ya kwanza, isingemponyoka.

Jumamosi Bertilla alimwekea maji ya kunawa mapema, kama ilivyokuwa desturi.

"Huendi kwa mapadre?"

"Kufanya nini?" alisema Gaudensi, akatoa mundu darini.