Betri Zilizoshiba Jua

Jumapili iliyopita nilikuwa napiga pasi chumbani kwangu Ilala, redio nimeifungulia kwa sauti ya chini, kipindi cha nyimbo za zamani kikaanza. Mtangazaji akasema sasa anawakumbusha wazee wetu enzi zao, akaweka wimbo. Nikautambua kabla hata magitaa hayajakolea. Wimbo ule ulikuwa mpya nilipokuwa darasa la tatu! Tuliurukia kamba uani. Mimi sijafika thelathini, na tayari nimewekwa kwenye fungu la wazee. Nikacheka peke yangu. Baadaye kidogo nikaona sicheki tena, nikaiweka pasi pembeni, nikakaa kitandani nikimfikiria Bibi.

Nivumilie, msomaji. Mimi ni mtu wa kuandika mstari na kuufuta mpaka karatasi inatoboka. Shule niliishia darasa la saba, na Kiswahili hiki cha kuandika nimejifunza kwa kuwasikiliza watangazaji na kurudia maneno yao kimoyomoyo. Naogopa kukosea hata sasa. Lakini hili la Bibi nikiliacha mpaka niweze kulisema sawasawa, sitalisema kamwe.

Tulikaa Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua kwa nyuma. Bibi ndiye aliyenilea. Alikuwa akikaanga vitumbua barazani, na asubuhi zangu zote za utoto zinanukia iliki na mafuta ya moto. Mikokoteni ilipita kuelekea sokoni, makuli wakipiga kelele, "Pisha! Pisha!" na Bibi akiwajibu bila kuinua macho kwenye karai, "Barabara yote hiyo, mnataka na baraza langu?"

Redio ilikuwa moja tu nyumba nzima, nayo ilikuwa yake. Aliachiwa na Babu, ambaye mimi sikumkuta. Babu alikuwa mwimbaji katika bendi moja ya dansi kabla ya Uhuru. Si yule wa mbele. Alikuwa mmoja wa wale wanaoitikia nyuma. Bendi yao ilirekodi wimbo mmoja ukapendwa sana. Santuri ya nyumbani ilikuwa imevunjika zamani, na picha yake hatukuwa nayo. Kwa hiyo sauti ya Babu ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, ndani ya wimbo ule, na wimbo wenyewe ulikuwa kwenye maktaba ya redio.

Miaka ile betri zilikuwa adimu kama sukari na sabuni. Zikifika dukani, zinaisha kabla foleni haijasogea. Bibi hakuruhusu redio ifunguliwe siku nyingine yoyote isipokuwa Jumapili alasiri, wakati wa nyimbo za zamani. Kazi yangu mimi ilikuwa kuzianika betri juani kwenye ungo, juu ya banda la kuku, ili zirudishe nguvu.

Saa ikikaribia, Bibi alioga, akatoa sandukuni kanga iliyofukizwa udi, akakaa kwenye mkeka ukumbini. Jirani wa chumba cha pili hakuacha kumchokoza.

"Bi Mkubwa, leo anakuja?"

"Anakuja. Na asikute kelele zenu."

Kuli mmoja aliyepanga chumba cha mwisho alikuwa na kiu ya mpira. "Bibi, leo kuna mechi, tupe dakika kumi tu."

"Mpira wako utakuwepo wiki ijayo, baba. Mume wangu haji kila wiki."

Watu walicheka, naye alicheka nao. Wimbo ukipigwa, hakulia wala hakuimba. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza habari za safari.

Mwanzoni ulipigwa karibu kila mwezi. Baadaye ukawa wa sikukuu. Halafu mwaka ukapita, hatukuusikia. Nyimbo za zamani zilikuwa zinapigwa kama kawaida, ila sasa zilikuwa za zamani nyingine, zenye magitaa ya umeme, ambazo hata mama zetu walizicheza.

"Betri hazijashiba," Bibi aliniambia. "Sauti za kale zinatoka mbali, mjukuu wangu. Betri dhaifu zinaleta hizi za karibu tu."

Nikaamini. Tangu utotoni mimi ni mtu ambaye kitu kikikaa upande silali. Nilizigeuza betri zile kama mtu anayechoma mahindi, ubavu huu na ubavu huu. Nilizifuta vumbi, nikazing'ata kidogo kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Wingu likipita tukiwa darasani, nilichungulia dirishani mpaka liondoke. Kila Jumapili iliyopita bila wimbo, nilijua aliyemzuia Babu ni mimi.

Mwisho nikaenda kwa mwenye duka wa pale kwenye kona, mtu wa Moshi, kuuliza kama betri zimekuja.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona sura hiyo? Umepigwa?"

Nikamweleza yote. Akacheka, kisha akaacha ghafla.

"Betri haichagui wimbo, binti. Wimbo unaombwa. Husikii majina yanayosomwa? Wale ndio waliotuma kadi. Wazee waliokuwa wanauomba huo wa babu yako tumewazika. Wanaotuma sasa ni hawa wa juzi. Nao wameanza kuwa na zamani yao."

Akanyoosha mkono rafuni, akanipa kadi ya salamu. "Mwandikie bibi yako. Jina lake, anaowasalimu, na wimbo."

Niliandika kwanza kwa kijiti kwenye mchanga, nisije nikaiharibu. Nilipomuuliza Bibi anawasalimu nani, alifurahi, akataja shoga yake wa Gerezani. Akanizuia mkono. "Huyo amekufa." Akataja wa Ilala, akatikisa kichwa. Akamtaja mke wa mpiga tarumbeta, akakumbuka mwenyewe kwamba alikwenda msibani kwake. Akaukunja mkono wake mapajani.

"Andika nawasalimu wote wanaonifahamu."

Tulisubiri mpaka nikakata tamaa. Jumapili moja, jina la Bibi likasomwa. Nyumba nzima ilipiga vigelegele, jirani akanikumbatia, hatukusikia vizuri kilichofuata mpaka kuli alipofoka, "Nyamazeni jamani!" Mtangazaji alikuwa anasema kwa upole kwamba wimbo aliouomba bibi yetu wa Kariakoo haukupatikana, basi apokee huu badala yake.

Wakampigia wa magitaa ya umeme.

Hakuna aliyejua atazame wapi. Bibi alikaa vilevile, mgongo umenyooka, akausikiliza mpaka mwisho kama mgeni aliyeandaliwa chakula asichokila.

"Kijana anaimba vizuri," alisema. "Sijui mkewe anamsikia."

Jumapili iliyofuata aliichukua redio mwenyewe, akamkabidhi kuli. "Haya, mpira wenu." Uani kukawa na shangwe ambayo sijawahi kuisikia tena. Watu walimshukuru, wakamwita mama mwema. Yeye alikwenda jikoni kuosha mchele wa vitumbua vya kesho. Nami nilisimama pale mlangoni, sina kazi.

Bibi alifariki nikiwa msichana. Nyumba ina wapangaji wengine, na mwenye duka amerudi kwao Moshi. Wimbo wenyewe umenitoka, beti zote, hata jina la yule aliyeimba mbele. Kilichobaki ni kiitikio, ambacho hunijia ninapofua. Nyuma pale kulikuwa na sauti tatu: moja nene, moja nyembamba, na moja iliyokuwa inachelewa kidogo kuingia. Mojawapo ilikuwa ya Babu. Bibi alikuwa akiijua. Sikuwahi kumuuliza.