Maiki Ambayo Wakili Hakuomba

Mimi ni MC wa mazishi. Usicheke, ni kazi kama zingine.

Nimeona jeneza likikataa kuingia kaburini. Nimeona wake wawili wakijuana siku ya kumzika bwana yao. Siku hizi hakuna kitu hunishtua, moyo umeota sugu.

Lakini sijawahi ona bwana akizika bibi yake bila kusema hata neno moja, halafu watu wale wale wamchague mbunge.

Wacha niwaambie.

Wakili Musyimi alikuwa na ofisi pale mjini Wote, juu ya duka la hardware. Kesi zake zilikuwa za mashamba na urithi, na ukikosa pesa ulileta kuku na akasema asante. Alitafuta tiketi ya chama. Mchujo ulifanywa kimaajabu, akanyimwa. Akasema basi, nasimama peke yangu. Alama yake ikawa kibuyu.

Sasa, mgombea bila chama hana helikopta. Ana mazishi tu.

Kila wikendi tulikutana. Leo Matiliku, kesho Mbumbuni, mara Salama kule barabarani. Anasimama polepole.

"Bwana asifiwe! Marehemu nilimjua. Alikuwa mtu wa watu."

Uongo mtupu. Jina la marehemu ni mimi nilikuwa nimemnong'onezea saa hiyo hiyo.

Kidogo unasikia, "Kibuyu!"

Na waombolezaji, "Juu!"

Nyumbani, bibi yake Mbula alikuwa anaisha na saratani. Siku moja akaniita. Nilimpata kwa kiti nje, amejifunga leso mbili na jua linawaka.

"Nthiwa, wewe ndio utashika maiki siku yangu."

"Mwaitu, usiongee hivyo." Sisi Wakamba mama wa heshima tunamuita mwaitu.

"Wacha mchezo. Musyimi amezika watu mpaka hajui tena kama anazika. Akinipigia hiyo kibuyu juu, nitaamka nimzabe kofi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Akamuita bwana yake, akamwambia mbele yangu, "Siku yangu hakuna mwanasiasa atashika maiki. Niapie."

"Naapa," Wakili akasema. Uso wake haukuwa na kitu. Kisha simu ikalia, akatoka kuishika.

Mbula alikufa kampeni zikiwa moto, kura imekaribia kabisa.

Wueh, watu walikuja! Wakubwa wa kila chama walijaza viti vya mbele. Kuna mmoja mzito, aliyejulikana kila mahali, alikuwa ameahidi kumuunga Wakili mkono pale pale. Akainua mkono anaitisha maiki.

Nikatangaza, "Kwa ombi la marehemu, wanasiasa hawataongea."

Aiya! Yule mzito alisimama, akapangusa suruali, akaenda na magari yake yote. Kura zikaenda na yeye, nilidhani.

Wakili hakugeuza hata shingo.

Ndugu wa Mbula walikuwa wametoka Kitui na basi. Kaka yake mkubwa, Mbithi, akaongea. Watoto wakaongea. Mimi nikasimama mbele ya Wakili na maiki mkononi, nikangoja. Nikakohoa kidogo.

Watu wakaanza, "Wakili aongee! Wakili!"

Alitingisha kichwa. Aliangalia udongo mpaka nikaona aibu, nikapitisha maiki kwa pasta.

Baadaye Wakili alikula. Alisalimia watu mmoja mmoja, akawauliza kama wamepata chakula, utadhani mazishi ni ya jirani.

Mbithi alinishika shati. "Dada yetu amezikwa kama mtu hana bwana! Huyo mtu hana roho?"

Nilimtoa mkono polepole, nikaenda kukunja nyaya.

Lakini sokoni stori ilikuwa ingine. "Huyo ni mtu wa kiapo. Amefunga mdomo mpaka kwa bibi yake. Huyo hawezi tuuza." Kura ikapigwa. Kibuyu kikashinda, yule wa chama akaachwa mbali.

Wakafanya sherehe ya shukrani pale nyumbani kwake, mimi ndiye MC tena. Watu walipotoka, nikapakia spika kwa pikapu. Nikamkuta Wakili, sasa mheshimiwa, amekaa kando ya kaburi, suti mpya, viatu vimejaa vumbi.

"Nthiwa, Mbithi bado hashiki simu yangu."

"Pole, mheshimiwa."

"Mimi nilitii tu. Alisema mwanasiasa asiongee. Mimi si ndio nilikuwa mwanasiasa wa kwanza hapo? Kiapo ni kiapo."

Kuna kitu sijawaambia nyinyi pia. Siku ile ya kiapo, Wakili alipotoka kushika simu, Mbula alinivuta mkono. Akasema, "Musyimi akiomba maiki kama mwanasiasa, mnyime. Akiomba kama bwana yangu, mpe. Lakini usimwambie. Nataka aombe mwenyewe."

Nikamwambia hivyo, neno kwa neno.

Aligeuka akaniangalia.

"Mbona hukuniambia siku hiyo?"

"Mbula alinikataza. Alisema ukiambiwa, utaongea kama wakili."

"Kumbe ungenipa."

"Nilikungoja uombe. Nilisimama mbele yako."

"Nilikuona. Sikujua naruhusiwa." Sauti yake ilikuwa ya mtu anauliza bei ya sukari. "Nthiwa, naomba maiki. Kama bwana yake."

Spika zilikuwa tayari kwa gari, maiki haikuwa imeunganishwa na kitu. Nikampa tu.

"Karibu, bwana ya Mbula."

Akasimama. Akaigonga kwa kidole, mazoea. "Bwana asi..." akaanza, akaacha. Ile hotuba yake ilikuwa imeisha, na hakuwa na ingine.

Baada ya muda akasema, "Mbula, muthokoi yako ilikuwa inakosa chumvi. Miaka yote hiyo. Nilikuwa naongeza ukienda jikoni."

Akanirudishia maiki, akaingia nyumbani. Hakulia. Mimi ndiye nilishindwa kuwasha pikapu, na nilikuwa nimewaambia moyo umeota sugu.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu wako bado anakupikia, mwambie habari ya chumvi leo. Atakasirika kidogo, halafu ataongeza. Usingoje MC akusimamie mbele, maanake sisi huwa hatungoji sana.