Mhunzi wa Kinampanda na Moyo Uliomwamsha

Zefania alikuwa mhunzi wa Kinampanda, mtu mfupi mwenye mabega mapana. Kuanzia pale hadi njia ya Iguguno, plau ikivunjika ililetwa kwake. Sikio lake lilikuwa kali. Ukimpa chuma alikigonga mara moja kwa nyundo ndogo, akasikiliza, kisha akakuonyesha ufa ambao wewe mwenyewe hukuuona. Mdogo wake, Marko, ndiye aliyekuwa akivukuta moto.

Mwaka wa 1949, baada ya mavuno ya mtama, usingizi wa Zefania ukaharibika. Alikuwa akilala vizuri, halafu anashtuka kama mtu aliyeshikwa bega. Moyo ulikwenda mbio, ukasita, ukapiga mara mbili kwa pupa, ukasita tena. Akikaa kitako ulitulia polepole. Akijilaza, ulianza upya. Mkewe Yunisi aliweka kiganja kifuani pake akakiondoa upesi, akasema ni kama kuku anayepigapiga mabawa ndani ya tenga. Mchana Zefania alikuwa akisinzia wima, na siku moja nyundo ilikosa chuma ikampata kidole.

Marko alikuwa na jibu lake. Nyumba iliyotazamana na kibanda cha uhunzi ilikuwa ya mjane mzee aliyeitwa Magdalena. Miezi michache nyuma alikuja kulalamika kwamba nyundo zinaanza kabla jua halijatoka, na mbele ya wateja akasema, "Unaninyima usingizi, Zefania. Na wewe utakuja kuukosa." Sasa maneno yale yalikuwa yameenea kijiji kizima. Marko alitaka waende kwa mpiga ramli ng'ambo ya bonde, mchawi atajwe mbele ya mashahidi, kisha wazee wamwamuru Magdalena ahame.

Zefania alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumcheka, kwa sababu hata yeye, akiwa macho gizani, jina la yule mama lilikuwa limeshamjia. Lakini hakuwa mtu wa kutia chuma motoni kabla hajakichunguza. Alimwomba mdogo wake ampe siku kumi.

Siku hizo akauchunguza moyo wake. Akila ugali usiku sana, uliruka. Akinywa pombe, uliruka zaidi. Akilalia ubavu wa kushoto, haukukosa kuruka. Akilalia wa kulia, mara nyingine kulikucha salama. Na siku mbili ambazo Magdalena alikuwa kwa binti yake Iguguno, moyo ulimsumbua kuliko siku zote. Siku ya kumi na moja alivaa shati lake la kanisani, akamwambia Marko wafuatane hadi hospitali ya Kiomboi.

Daktari alikuwa Mzungu wa misheni, na Kiswahili chake kilieleweka. Aliuliza mengi: pumzi, miguu kama inavimba, pombe, ugoro. Kisha akaweka kifaa chake kifuani mwa Zefania, akasikiliza muda mrefu huku ameshika mshipa wa mkono. Alipomaliza, Zefania akaomba jambo ambalo wagonjwa hawakuwa na desturi ya kuliomba. Alitaka naye asikie.

Daktari akamvika mipira masikioni. Zefania akafumba macho. Mapigo yalikuja mawili pamoja, likafuata moja dhaifu, kimya, kisha matatu yaliyokimbizana. Akaomba asikie na ya Marko, naye Marko akafungua vifungo kwa shingo upande. Yale yalikwenda sawasawa, bila kukosea. Akarudi kwenye yake mwenyewe, halafu akampa Marko asikilize yote mawili.

"Kasoro imo humu ndani," Zefania akasema.

"Moyo wako unatembea vibaya," daktari akamjibu, "lakini unatembea, na bado una nguvu."

"Kuna mtu amenifanyia?"

"Hapana. Hata kwetu ng'ambo wako wenye moyo kama huu, na huko hakuna anayekujua."

Alipewa vidonge vidogo, akaonywa asizidishe hata kimoja, arudi kila mwezi, na miguu ikivimba au pumzi ikimpungukia asingoje mwezi kuisha. Pombe na ugoro wa jioni aache. Kichwa kiinuliwe anapolala.

Wakashika njia ya kurudi. Njiani Marko akasema, "Kaka, nilikwisha kuongea na wazee wawili."

"Basi leo utaongea nao tena. Uwaambie ulichosikia kwa masikio yako."

Marko aliwaendea. Mzee mmoja alikubali. Wa pili alisema moyo hauharibiki bure. Zefania aliposikia hayo hakungoja. Alivuka njia mchana kweupe, watu wakiona, akapiga hodi kwa Magdalena. Alimkuta amekwisha kufunga mizigo yake miwili, ameiweka karibu na mlango.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nimetoka Kiomboi. Moyo wangu ni mgonjwa, na hakuna mkono wa mtu. Nimekuja uyasikie kwangu."

"Marahaba," yule mama akasema, akaketi juu ya mzigo mmoja akalia. Zefania akamfungulia ule mwingine kwa mikono yake, akarudisha sufuria zake jikoni, kisha akamuuliza angependa nyundo zianze saa ngapi. Magdalena akasema saa mbili asubuhi. Yule mzee wa pili alipopata habari aliacha kumsema Magdalena, ingawa hakukiri kwamba alikosea.

Vidonge havikumponya, ila vilipunguza kishindo. Mengine Zefania aliyapanga mwenyewe. Aliinua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa mawe mawili, na Yunisi akamshonea mto mnene wa sufi. Chakula cha jioni kililiwa jua likiwa bado juu. Moyo ulipomwamsha hakubaki amelala akishindana nao. Aliketi, miguu sakafuni, akavuta pumzi taratibu, akamwambia mkewe, "Umeruka, utatulia," naye Yunisi akaendelea kulala. Mara nyingine ulitulia upesi, mara nyingine kulikucha akiwa ameketi. Usingizi uliopotea aliufidia mchana, baada ya chakula, na hakuona haya kulala watu wakimngoja.

Miaka minne baadaye mkulima mmoja alifika saa nane mchana na plau iliyopasuka, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha. Yunisi akamwambia fundi amelala. Yule bwana akauliza mtu gani mzima hulala saa hizi, msimu wa kulima.

"Mhunzi unayemtaka," Yunisi akajibu, akamsogezea kigoda.

Yule bwana akaketi. Saa tisa Zefania akatoka akinawa uso, akaigonga plau mara moja, akasikiliza, akamwita Marko aje awashe moto.