Mabegi ya Bibi na Hita ya Alief

Hita inapowashwa mara ya kwanza baada ya joto refu la Houston, hutoa harufu ya vumbi linaloungua. Wengine hufungua dirisha, yakaisha. Mimi hupandwa na hasira, hasira ileile ya mtoto wa miaka kumi, na leo nitawaambia kwa nini.

Mwaka 2018 ulipokaribia tulikuwa tukikaa Alief, mtaa wa Houston, katika nyumba kuukuu. Hita yake ya gesi ilikuwa ndani ya kabati la koridoni, dude la bati kongwe kuliko mama yangu. Bibi, mamake Baba, alikuwa amekuja kutoka Mombasa kwa mara ya kwanza, na ahadi ilikuwa afunge Ramadhani nasi, tule Idi pamoja. Tulilala kitanda kimoja. Alinibana ukutani na kunikaripia kila nilipomjibu kwa Kiingereza, lakini nilimpenda mno.

Januari ikaja na baridi ya kugandisha mabomba, na hita ikaanza visa. Inawaka, inatupulizia joto dakika chache, kisha moto unazimika na tunabaki kumwagiwa upepo baridi. Ikishapoa, inawaka tena. Bibi aliketi sebuleni na kanga mbili, sweta la Baba na soksi za Mama. "Nyumba gani hii," akauliza, "mtu akipumua anatoa moshi?"

Fundi alikuja mara moja, akachungulia, akasema tununue hita mpya. Baba, dereva wa trela aliyezoea kujitengenezea gari njiani, akamwona tapeli. Tangu siku hiyo fundi akawa yeye. Lo! Alitazama video kwenye simu mpaka chai ikapoa. Alitia chujio jipya la hewa ndani ya hita. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba la gesi, halikuvuja. Alichomoa kijiti kinachohisi moto, akakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa kama kijiko cha harusi. Wapi!

Kwenye hita kulikuwa na kijitaa chekundu kilichopepesa mara nne, kikatulia, kikapepesa mara nne tena. Video moja ikasema maana yake mashine imepata joto kupita kiasi.

"Sisi tunatetemeka," Baba akafoka, "na yenyewe inaona joto!"

Akabadilisha na kihisi joto. Bado.

"Baba, si u-call fundi mwengine tu!" nikamwambia.

"Fundi ndiye huyu," akasema, bisibisi mdomoni.

Bibi naye alikuwa akikusanya zawadi za kurudi nazo: mablanketi, mataulo, dawa za viungo, viatu vya mtaa mzima. Chumba chetu kilikuwa kidogo na gereji hakuiamini, basi mabegi aliyapanga koridoni, yamebana ukuta, mahali atakapoyaona akienda kutawadha. Yalianza mawili, yakawa manne, mpaka tukawa tunapita kwa ubavu. Baba akiinama kwenye hita, aliyapa mgongo. Hakuna aliyethubutu kuyasogeza. Ni vitu vya mtu mzima, tena mgeni.

Mwisho wa mwezi Bibi alisema magoti yamemshinda. "Mwanangu, nirudishe kwangu kabla sijafa kwa baridi." Nililia kwa kwikwi. Nikamwambia Baba kwa Kiingereza, ili Bibi asielewe, kwamba kosa ni lake.

Tulimpeleka uwanja wa ndege na mabegi yake yote. Tuliporudi, nyumba ilikuwa na joto. Hita ilikuwa ikinguruma. Tukasubiri izimike, haikuzimika. Koridoni, pale yalipokuwa mabegi, chini ukutani, kulikuwa na wavu mpana wa chuma. Hapo ndipo hita huvutia hewa ya nyumba. Wiki zote hizo tulikuwa tumeiziba pua kwa mabegi. Ilijipika yenyewe ndani, ikajizima isiungue. Baba alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye wavu. Mama alisema, "Subhanallah," akaenda jikoni.

Bibi alipofika Mombasa alipiga simu. "Dude lenu limepona?"

Baba alikuwa amevaa fulana tu, kwa lile joto. "Bado, Mama. Limenishinda."

Nilimchukia. Fundi mbovu, na sasa mwongo! Miaka miwili Bibi alimcheka kwenye simu kwamba dereva mzima ameshindwa na bati, na Baba akakubali kila mara. Kisha ikaja 2020, safari zikafungwa, na Bibi akafariki kabla hazijafunguliwa. Idi yetu haikuwahi kuliwa.

Aliondoka duniani akiamini kilichomfukuza kwetu ni ubovu wa mashine na uzembe wa mwanawe, si mablanketi yake mwenyewe. Nilichelewa sana kuelewa kwa nini, kila Bibi alipopiga simu wakati wa baridi, Baba alikwenda kwanza kuizima hita, mngurumo wake usisikike.